Vitenge vya Ng'ambo

Leo nimenaswa!

Nina miaka kumi na sita. Miaka hii ya tisini, ukikalia benchi ya ukimwi hospitalini hapa Busia ya Kenya, mji mzima unajua. Nikavuka mpaka, nitibiwe Uganda.

Kuingia tu kliniki, nani ameketi? Mama Kwaya wa kanisa letu, jirani yangu mtaani Burumba!

"Nimekuja kununua vitenge," akaniambia.

Vitenge kliniki, jameni.

"Hata mimi, mama."

Nesi akatoka, akapaza sauti: "Wale wa ukimwi, mlango wa pili!"

Sisi wawili tukaangalia sakafu. Tuliikodolea macho mpaka wakafunga kliniki.

Tukarudi pamoja. Sokoni ikabidi kila mtu anunue kitenge kweli.

Kikohozi changu nimerudi nacho.

Niambieni, sasa nivukie wapi?