Bahari Ndani ya Ndoo

Mimi nina diploma ya ufugaji wa samaki. Niliisomea pwani kwa jasho langu, nikibeba mizigo asubuhi na kuingia darasani mchana, kisha nikarudi nayo nyumbani Musoma. Nalisema hili mapema kwa sababu majirani zetu wa Mukendo hudhani kila mtu anayetoka asubuhi na buti za mpira kwenda ziwani alishindwa shule. Vile vizimba vya sato vinavyoelea nyuma ya mawe ni vyangu, na hakuna aliyenishika mkono kuvijenga. Lakini mtu akiniuliza nilianzia wapi kusoma viumbe wa majini, jibu si chuo. Nilianzia stoo ya nyumbani kwetu, kwenye ndoo za rangi zilizooshwa, na muda mwingi sikuelewa nilichokuwa nakitazama.

Nilikuwa kidato cha tano, mchepuo wa sayansi. Tulipofunga shule kwa likizo ya mwezi wa sita, mwalimu wetu wa baiolojia alituma tangazo kwenye kundi la darasa: masomo ya viumbe wa baharini kwa njia ya mtandao, bure, kwa wanafunzi wa nchi nzima, kila Jumamosi mchana. Mwalimu wa masomo hayo alikuwa mama mmoja mtafiti aliyekaa pwani, ambaye sote tulimwita Madam. Darasani kwetu tulijiandikisha watatu. Mimi nilikuwa Musoma mjini. Wa pili alikuwa rafiki yangu wa Bunda, aliyekuwa anakaa kwa mjomba wake mwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo. Wa tatu alikuwa binti wa Butiama aliyelelewa na bibi yake. Huyo alilazimika kusimama uani ndipo mtandao umshike, kwa hiyo kwenye skrini tulimwona na anga na kuku wanaopita.

Kilichonivuta kilikuwa kimoja. Kundi litakalofanya vizuri zaidi lingeitwa pwani wiki moja, kuingia majini na miwani ya kuzamia na kuona matumbawe kwa macho. Mimi nilikuwa sijawahi kuiona bahari. Niliitaka ile wiki kuliko nilivyoyataka matokeo ya kidato cha sita.

Masomo yenyewe yalinivuruga kichwa tangu siku ya kwanza. Madam alituonyesha kiumbe mwenye mikono mitano asiye na kichwa, ambaye macho yake yako kwenye ncha za mikono. Akatuonyesha samaki anayeanza maisha akiwa dume na kuyamaliza akiwa jike. Nikatazama picha, nikatazama maelezo, nikarudia. Kwetu Bugwema, walikokuwa ng'ombe wa mzee wangu, dume hubaki dume mpaka siku anapochinjwa. Halafu akaingia kwenye kupwa na kujaa kwa maji, na hapo nikashindwa kuvumilia nikafungua kipaza sauti.

"Samahani, Madam. Maji yakipwa, yanaenda wapi?"

Kabla Madam hajajibu, kijana mmoja wa Pemba akadakia, "Yanakuja kwenu Musoma kunywa chai!"

Darasa zima likacheka, kila kidirisha na meno yake. Rafiki yangu wa Bunda akaniandikia pembeni: "We jamaa, unatuaibisha. Ulizaga mambo ya maana."

"Kwani wewe unajua yanaenda wapi?"

"Sijui. Ila mimi nimenyamaza."

Baada ya hapo ikaja kazi ya makundi. Sisi watatu wa Mara tukawekwa pamoja. Kiongozi nilikuwa mimi. Nilijitaja, nikaona hakuna anayepinga. Madam alisema aliye karibu na bahari akachote, na asiye nayo ajitengenezee. Tuandae ndoo nne. Ya kwanza maji matupu, ya pili chumvi kidogo, ya tatu zaidi, ya nne ikolee kama bahari yenyewe. Tuweke konokono wa majini kwetu kila ndoo, halafu tutazame kila asubuhi nani anatembea na nani amejifungia. Alitaka tujue ni kwenye kiwango gani cha chumvi mnyama wetu anasalimu amri.

Nikaenda jikoni kuomba chumvi.

"Kilo nzima ya nini?" mama akauliza. "Unapika harusi?"

"Ni masomo, mama. Natengeneza bahari."

"Tengeneza, baba. Ila si kwa chumvi yangu."

Basi nikaingia stoo. Mzee wangu alikuwa mfanyabiashara wa mjini, viatu vinang'aa, lakini ng'ombe wake walikuwa Bugwema kwa baba zangu wadogo. Huku kwetu mtu anaweza kukaa mjini mpaka akazeeka, lakini gunia la chumvi ya ng'ombe halikosekani stoo kwake likisubiri gari la kwenda kijijini. Nikalifungua. Chumvi ile ilikuwa ya kahawia, na chengachenga ndani. Nililamba kidogo, ilikuwa kali, na nyuma ya ukali kulikuwa na ladha kama ya kulamba msumari. Nikafikiri vizuri, maana hata wakati ule nilikuwa mtu wa kufikiri. Chumvi ya jikoni ni nyeupe kwa sababu imesafishwa kiwandani. Bahari haijasafishwa na mtu. Kwa hiyo iliyo karibu zaidi na bahari ni hii. Niliona nimewazidi akili hata watoto wa pwani.

Nikawatangazia wenzangu. Wa Bunda akafurahi. "Sisi tunalo lile jiwe la chumvi la kulambwa na ng'ombe. Mjomba anayo mengi tu hapa dukani."

"Lisage."

Binti wa Butiama akasema, "Bibi hafugi siku hizi. Mimi nitanunua ya pakiti."

"Haya, tutakuvumilia na chumvi yako ya mboga," nikamjibu.

Yeye ndiye aliyetukumbusha kichocho, kwamba tusiingize mikono majini kuokota konokono. Nikatumia chujio la chai nililolifunga kwenye fimbo, kule kwenye mawe. Wa Bunda aliwapata kwenye lambo wanakonyweshea ng'ombe, na wa Butiama kwenye bwawa la bustani karibu na kwao.

Asubuhi ya kwanza niliamka kabla ya kila mtu. Ndoo ya maji matupu, konokono walikuwa wanapanda ukutani kama wana safari. Ndoo tatu zilizobaki zilikuwa kimya, wote chini, wamejifunga. Kesho yake miguu yao ilikuwa imelegea nje ya gamba na stoo inanuka. Yenye chumvi kidogo ilikuwa imeua sawa na yenye chumvi nyingi. Sikuelewa. Nikamwaga, nikaokota wengine, nikaweka punje chache tu, kiasi ambacho hata mboga isingekijua. Wakafa. Nikaanza kuzishuku ndoo, labda rangi haikutoka. Nikashuku joto la stoo. Jioni moja nilikaa kwenye mawe nikilitazama ziwa na kujiuliza kama konokono wa Musoma ni dhaifu kuliko wengine, na wazo hilo liliniuma, kana kwamba wametuangusha sote.

"Utaua wadudu humu ndani mpaka lini?" mama akauliza.

Nikampigia wa Bunda.

"Wangu wa ndoo za chumvi wamekufa wote," akasema. "Hata wa ndoo ya pili."

"Kweli?"

"Wananuka mpaka mjomba amehamisha mifuko ya mbegu."

Nilipumua. Sehemu mbili tofauti, maji tofauti, jibu moja. Madam mwenyewe alikuwa ametufundisha kwamba jibu likijirudia ndipo lina nguvu. Nikaandika hitimisho kwa sentensi niliyoiona ya kitaalamu kabisa: konokono wa mkoa wa Mara hawastahimili chumvi ya kiwango chochote. Tayari nilijiona na miwani ya kuzamia.

Siku moja kabla ya kuwasilisha, tukakutana watatu kwenye simu. Binti wa Butiama alikuwa uani kwao kama kawaida.

"Wangu wa ndoo ya pili wazima," akasema. "Wa tatu wanajivuta. Wa nne ndio wamekufa."

"Haiwezekani," nikasema.

"Njoo uwaone."

"Utakuwa umewabadilisha."

"Nimewabadilisha na nini? Na mchele?"

"Labda hukukoroga."

"Nimekoroga mpaka bibi akaniuliza kama ni uji."

Rafiki yangu wa Bunda akaingilia, "Jamani, ni wawili kwa mmoja. Tupige kura tuendelee."

"Konokono hawapigiwi kura," binti akasema. "Ukitoa majibu yangu, toa na jina langu."

Mimi na wa Bunda tulikuwa na jibu moja safi. Tukimwongeza yeye, kazi nzima ingeonekana imevurugika, na wiki ya pwani ingeniponyoka. Tukimtoa, tungekuwa wawili katika kundi la watatu. Mwisho nikaamua yetu yatangulie na ya kwake yafuate, na mimi niseme wazi kwamba sijui kwa nini yanapishana. Sikuwa nimezoea kusema sijui. Nililifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Jumamosi nikawasilisha. Madam alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Mlitumia chumvi gani? Kila mmoja aniletee kwenye kamera."

Binti akainua pakiti. Mimi nikainua kiganja changu kilichojaa chenga za kahawia. Wa Bunda akanyanyua jiwe lake kwa mikono miwili, limeliwa upande mmoja na nyundo.

"Hicho ni nini?" Madam akauliza.

"Chumvi ya ng'ombe, Madam."

"Chumvi ya nani?"

"Ya ng'ombe."

Yule wa Pemba hakujizuia. "Wallahi, bahari ya Musoma ina ng'ombe!"

Safari hii hata Madam alifunika mdomo. Alipotulia aliniomba nimsomee maandishi ya kwenye gunia. Nikakimbia stoo na simu, nikainama, nikasoma: chokaa, fosforasi, chuma, zinki, shaba.

"Basi," akasema. "Ni shaba. Shaba kidogo tu majini inaua konokono. Nyinyi wawili hamkutengeneza bahari. Mmetengeneza sumu."

Lakini mimi si mtu wa kulala chini nikishaanguka. "Kwa hiyo, Madam, tumegundua dawa ya konokono wa kichocho?"

"Hilo limejulikana tangu zamani, mwanangu."

Nikakaa.

Madam akasema kundi letu haliwezi kushinda, maana ndoo zetu zilipima vitu viwili tofauti. Lakini kati ya kazi zote alizoziona kutoka mikoa isiyo na bahari, ndoo zilizofanywa kwa usahihi zaidi zilikuwa za Butiama. Angemtafutia yule binti nafasi peke yake, aungane na kundi la pwani.

"Madam, sisi ni kundi," binti akasema.

"Nimesikia. Zungumza na wenzako, unijibu kesho."

Jioni tukawa watatu tena kwenye simu. Wa Bunda ndiye aliyeanza. "Nenda bana. Ukikataa tutakosa wote, na mimi nitakosa hata wa kuniletea kome."

Binti hakucheka. "Kiongozi, unasemaje?"

Mpaka leo, na akili hizi nilizonazo, siwezi kupanga vizuri yaliyokuwa moyoni mwangu dakika ile. Nilitaka akatae. Nilitaka pia niwe mimi niliyemwambia aende. Niliona haki ni yake, na hapohapo nikaona ameichukua kutoka kwangu, ingawa hakuichukua. Konokono wake waliishi kwa sababu bibi yake hana ng'ombe. Wangu walikufa kwa sababu nilifikiri sana. Nilijaribu kuona haki iko wapi hapo, nisiione.

"Nenda," nikasema.

Basi lake lilipita Bunda asubuhi, na rafiki yetu akaenda stendi kumpungia. Mimi sikuwa na njia ya kumwona. Siku chache baadaye, mchana, nikiwa kwenye mawe na upepo umelivuruga ziwa, simu ikaita.

"Niko ufukweni," akasema kwa kelele. "Unaisikia?"

Nikakandamiza simu sikioni. Sikio moja lilikuwa na bahari yake na lingine lilikuwa na ziwa langu, na kusema kweli sikuweza kujua lipi ni lipi. Mawimbi yalipiga huku, yakapiga kule. Nikaziba sikio la ziwa kwa kidole. Bado.

"Naisikia. Ila ni kama huku."

"Si kama huku."

"Tofauti yake nini?"

Maji yakaendelea. Yule aliyekuwa na jibu kwa kila swali langu, aliyebishana na sisi wawili bila kutetereka, akakosa maneno.

"Nimejaribu kumweleza bibi jana nikashindwa," akasema. "Hata wewe nashindwa."

"Basi usinieleze. Nitakuja mwenyewe."

"Na nani?"

"Mwenyewe, nimesema."

Alitaka kuniuliza kitu kingine, nikasikia tu mwanzo wa neno, kisha bando lake likaisha. Sikuwa na nauli, wala uso wa kumwomba mzee, wala sikujua basi la pwani linaanzia wapi. Nilibaki pale juu ya mawe na simu kimya sikioni, nisijue kama nilichomwambia kilikuwa hasira au ahadi.