Baridi Nzima Bila Gemu

Mimi na Tolkyn tunatenganishwa na ukuta mmoja, tena ukuta wenyewe mwembamba kiasi kwamba mumewe akipiga chafya upande wa pili, mimi namwombea afya nikiwa jikoni kwangu. Kwa hiyo asije mtu kuniita mmbea. Nyumba zetu hizi za mji wa Karaganda, huku kwetu Wakazakh, zilijengwa hivyo, ukiwa na masikio utasikia tu.

Na nilichosikia tangu waoane kilikuwa vita. Tolkyn ni binti mpole wa duka la dawa, mwenye sauti ya kubembeleza hata anapokukatalia. Lakini akifika nyumbani anavaa hedifoni, anakaa mbele ya kompyuta, na hapo utadhani jemadari. "Nyuma yako, Rakhat. Kushoto, kushoto! Nilinde!" Na mumewe, fundi wa lifti, mtu ambaye ukimpata na maneno matatu kwa siku umebahatika, anamjibu, "Nipo. Usiogope, nipo hapa."

Walikutana humo humo kwenye gemu. Binti alikuwa kwa mama yake, mji wa Balkhash, kijana yuko huku Karaganda, wakawa wanapigana bega kwa bega na sijui mazimwi sijui majambazi, mpaka kijana akafunga safari kwenda kuomba mke. Mama mkwe alipouliza mmejuana wapi, Rakhat akasema, "Vitani." Yule mama nusura amfukuze.

Sasa, kabla theluji haijaanza mwaka jana, Jumapili mchana, nikanusa moshi. Nikagonga kwao, kimya. Nikagonga kwa mateke, kimya, ila namsikia Tolkyn ndani anapiga kelele za vita vyake. Ufunguo wao wa akiba ninao, maana kila mara wanajifungia nje. Nilipofungua, jamani! Sufuria imekauka na kuwaka, pazia la jikoni linaungua, cheche zinadondokea mtungi wa gesi. Na wao wamekaa sebuleni, migongo imeelekea jikoni, masikio yamezibwa. Rakhat anamwambia mkewe, "Endelea, mgongo wako naulinda mimi."

Nilinyakua beseni la mashuka yaliyolowekwa nikalimwaga lote, mashuka na maji. Ndipo Tolkyn akageuka. Akavua hedifoni, akaangalia ukuta mweusi.

"Apa," akaniambia, yaani mama mzee, kama wanavyoniita vijana wote wa ghorofa yetu, "tungekufa."

"Mngekufa, na mimi mngenichukua kama mzigo wa ziada," nikamwambia. Nilikuwa na hasira na hofu pamoja, sikujua ipi ni ipi.

Rakhat alifungua madirisha mpaka moshi ukatoka. Kisha akasema, "Tunapumzika. Wote wawili. Mpaka Nauryz." Nauryz ni mwaka mpya wetu, baridi inapoisha, na siku anayasema hayo hata baridi yenyewe haijaingia. Kompyuta zote mbili wakazipeleka kwa kaka wa Rakhat, ng'ambo ya mji. Nikawasifu. Nikasema kumbe wana akili.

Basi kikaja kimya. Mimi niliyekuwa nikigonga ukuta niwanyamazishe, nikawa natega sikio nisikie walau kikohozi. Nilisikia kijiko. Nilisikia kiti kinasogezwa. Nyumba ya watu wawili vijana, wazima, haina sauti, inatisha kuliko mabomu yao.

Siku moja Tolkyn akaja kwangu na sahani ya maandazi. Akakaa, hakuvua hata koti.

"Apa, nikuulize. Wewe na marehemu mzee, mlikuwa mnaongea nini?"

"Tulikuwa tunagombana. Mbona hiyo inatosha kujaza siku."

Hakucheka. "Sisi hatuna la kusema. Anarudi kazini, anasema salama, nasema salama. Tunakula. Namwangalia, namwona mtu nisiyemjua. Mimi niliolewa na sauti, Apa. Ile sauti ilinijua ninapoogopa hata kabla sijasema. Huyu wa mezani hajui hata nikinuna. Naogopa. Naogopa kwamba bila gemu hakuna ndoa, palikuwa na gemu tu."

Nilimwambia aache ujinga. Lakini mwenyewe nilianza kuogopa, kwa sababu alichosema kilikuwa na sura ya ukweli. Halafu Rakhat akaanza kuchelewa kurudi. Kila jioni anachelewa zaidi. Tolkyn akaacha kuniambia kitu, akakonda, macho yakawa makubwa usoni. Mimi nikajua moja kwa moja kuna mwanamke. Nani hangejua?

Ikafika Jumapili ya theluji nyingi. Mchana, mlango wangu ukagongwa taratibu. Tolkyn, na begi begani.

"Nakwenda kwa mama. Basi la Balkhash linaondoka sasa hivi."

"Amekupiga?"

"Amenimiminia chai."

Nikamwambia rudia.

"Hajawahi kushika birika tangu anioe. Leo kaamka, kachukua birika mkononi mwangu, kanimiminia kibakuli. Kakijaza, Apa. Kakijaza mpaka ukingoni, chai ikatiririka mezani. Na kanisogezea kwa mikono miwili, ananiangalia usoni."

Nilikaa chini. Kwetu chai hunywewa kwenye kibakuli, na humiminwa kidogo kidogo, mafunda machache, ili urudishe kibakuli uongezwe tena na tena, mazungumzo yaendelee. Ukijaziwa hadi juu, umeambiwa maliza uende zako. Hakuna asiyejua hilo. Bibi yangu alimfukuza hivyo mchumba mmoja wa shangazi yangu, na yule bwana hakuonekana tena.

"Angesema tu kwa mdomo," Tolkyn akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. "Hata neno la kunifukuza hakulipata."

Nilijaribu kumshika mkono, akanitoka. Nikamsikia anashuka ngazi. Na mimi, damu imenichemka, nikaingia kwa Rakhat bila kubisha hodi.

Nilimkuta mezani. Kibakuli kipo palepale, kimejaa, kimepoa. Amekaa wima kama mtoto anayesubiri kuitwa.

"Apa, karibu," akasema. "Tolkyn kaenda dukani?"

"Kaenda kwa mama yake, mshenzi wewe. Ulitaka aende wapi?"

Akaniangalia kama niliyesema Kichina. Ilibidi nimweleze mambo ya kibakuli, mimi, mbele ya mwanamume mzima wa Kikazakh. Huyu alilelewa mabweni ya shule toka mdogo, chai yao ilitoka ndooni ikaingia kwenye vikombe vya bati. Baadaye akawa mtu wa kompyuta, anakunywa kutoka kikombe kikubwa bila kuondoa macho kwenye vita. Akienda kwa watu anamiminiwa, anakunywa, hajawahi kuangalia kibakuli kina kiasi gani. Alibadilika rangi taratibu, kuanzia midomo.

"Sikujua," akasema. "Wallahi sikujua."

Ndipo dirisha likapigwa. Upepo. Ule upepo wa nyika unaoinua theluji ya ardhini na ya angani ukaichanganya, usione kidole chako. Tulishuka mbio tumfuate, na tulipofika kwenye gari lake, jengo la pili halikuonekana.

Njiani nilimtukana, kisha nikaacha, kwa sababu alikuwa akiendesha bila kuona mbele na mimi nilitaka kufika nikiwa hai. Kituoni mwanamke wa tiketi alisema basi la Balkhash limeshaondoka, na barabara imefungwa nyuma yake.

"Nyuma yake?" Rakhat akauliza. "Yaani lipo huko ndani?"

"Lipo huko. Tunajaribu kumpata dereva."

Kila mtu hapa ana ndugu au jirani aliyekufa kwa baridi kwenye barabara ile. Theluji inaziba magurudumu, injini inazima, na joto la gari linaisha kabla ya usiku. Hakuna aliyelitaja hilo pale kituoni. Simu ya Tolkyn iliita mara moja ikakatika, na baada ya hapo haikupatikana kabisa.

Rakhat alisimama kwenye kioo cha mlango. Nikamwendea, nikamuuliza kwa sauti ya chini, maana ilibidi nijue ninamwombea mtu wa namna gani. "Huyo mwanamke wako wa jioni ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Unapochelewa."

"Nakaa juu ya jengo letu, kwenye chumba cha mashine za lifti. Natafuta la kumwambia. Nikilipata nashuka nalo, nafika mlangoni, limenitoka. Narudi tena juu." Akafuta kioo kwa kiganja, nje palikuwa peupe tu. "Kwenye gemu akiogopa nilijua nifanye nini. Nyumbani nilimwona anaogopa kila siku, na sikujua. Nilidhani ananiogopa mimi."

Nilimshika mkono wa koti lake. Tulikaa hivyo, sijui kwa muda gani, tukimsikiliza yule mwanamke akiita kwenye redio ya kituo na kujibiwa na mikwaruzo.

Taa za basi zilitokea zimefifia, ziko juu kuliko nilivyotarajia. Dereva alikuwa amegeuza kabla ya mlima, akarudi akifuata nguzo za umeme, moja baada ya nyingine. Basi lilikuwa limevikwa barafu hadi madirishani. Watu walianza kushuka, mzee mmoja analia wazi bila aibu. Tolkyn akashuka wa mwisho. Uso umempauka.

Rakhat alimfikia, kisha akasimama hatua moja mbele yake, hakuthubutu kumgusa.

"Kibakuli chenye chai kidogo kinaisha haraka," akasema. "Ukimaliza unaondoka mezani, unakwenda kuosha vyombo. Nilikijaza ili ukae."

Tolkyn alimwangalia.

"Injini ilizima," akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Ilizima mara mbili. Taa za ndani zikazima. Mwanamke mmoja akaanza kusali. Nikasema kwa sauti, watu wote wakanisikia, nikasema, Rakhat, nilinde mgongo. Nikangoja ujibu."

"Nisingesikia."

"Najua. Nilingoja tu."

Rakhat akamshika, hapo katikati ya kituo, na Tolkyn hakuacha kuongea. Alisimulia jinsi dereva alivyotoka kukwangua kioo, jinsi miguu ilivyomfa ganzi, jinsi alivyomchukia mumewe na jinsi alivyomwita. Alisimulia mpaka kwenye gari, na Rakhat akiuliza, "Halafu? Halafu ikawaje?" Nje upepo ulikuwa bado unasukuma gari. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na begi lake mapajani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikanyamaza njia nzima.