Nilivyoharibu maji ya softener enzi za Mwingereza, akafukuzwa mama asiye na kosa

Kamwene wakuu, mlioko Makambako, Njombe na kokote mnakosomea.

Mimi ni babu yenu, miaka themanini na tisa sasa. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie spelling. Sikuja kutafuta likes. Haya yalinitokea mimi, na pale yanaponivua nguo sitaruka.

Wiki iliyopita kuna member mwenye guest house hapa Makambako aliuliza jinsi ya kusafisha water softener, ule mtambo wa kulainisha maji magumu. Sabuni haitoi povu tena, birika zinashika ukoko mweupe, na kwenye pipa la chumvi kuna tope. Wengi mkamwambia aite fundi.

Mimi jibu nilikuwa nalo. Siku tatu nashika simu, naiweka chini. Jibu hilo limeshikana na jambo ambalo hata marehemu mke wangu sikumwambia.

Nilizaliwa Mahongole, familia ya wakulima, Walutheri. Baada ya shule kidogo nikapata kazi kwa mzungu mmoja mwenye shamba la pareto, njia ya kutoka Makambako kwenda Njombe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa boi wa ndani, ndivyo tulivyoitwa hata ukiwa na ndevu.

Yule Bwana alichimba kisima kirefu, maji yakatoka magumu balaa. Akaagiza softener kutoka Uingereza. Ni mtungi wa chuma urefu wa mtu, ndani kuna kitu kama mchanga kinachonasa ule ugumu. Mchanga ukichoka unauamsha kwa chumvi.

Kazi ya kuutunza nilipewa mimi kwa sababu nilijua kusoma kidogo. Kila Jumamosi nafunga maji ya kwenda nyumbani, nasukuma maji kinyumenyume yatoe uchafu (leo mnaita backwash), namimina maji ya chumvi, nasubiri. Halafu nasuuza, nasuuza, nasuuza. Unaonja kwa ulimi. Chumvi ikiwepo hata chembe, unaendelea. Zoezi zima lilikula nusu siku.

Nikimaliza naweka alama ya vema kwenye kadi iliyoning'inia ukutani. Nilijivunia sana kalamu ile, wakuu. Pale shambani wengine wote walikuwa wanashika jembe.

Sasa kulikuwa na yaya, Rahabu, Mkinga wa Makete. Mjane wa miaka thelathini na kitu, watoto wake wawili amewaacha kwa mama yake. Mimi nilimwita dada, yeye aliniita mdogo wangu. Nikichelewa shambani, ugali wangu ameufunika. Nikiumwa, ndiye anayekuja kuuliza. Alilea mtoto wa Bwana, binti wa miezi minne aliyekuwa ananyonya chupa ya maziwa ya unga, ambayo Rahabu aliyakoroga kwa maji ya bomba na sukari kidogo.

Jumamosi moja vijana wa Mahongole tulikuwa na mechi na timu ya Njombe. Mimi namba tisa. Bwana na mkewe, Memsahib, walikuwa wamemwachia Rahabu mtoto na kuondoka asubuhi kwenda Njombe kwa rafiki zao, watarudi kesho yake mchana.

Nikamimina chumvi. Nikasubiri kidogo. Nikasuuza kidogo. Sikuonja.

Nikafungulia maji ya nyumbani, nikaweka vema kwenye kadi, nikaondoka mbio.

Tulishinda mbili bila. Goli moja langu. Mpaka leo sijawahi kulisimulia goli lile.

Nililala kwetu. Jumapili asubuhi narudi, nasikia mtoto analia kwa sauti iliyokauka. Rahabu anazunguka naye barazani.

"Mdogo wangu, sielewi," akaniambia. "Ananyonya kama ana kiu ya mwaka mzima, akimaliza analia. Nampa tena. Sasa ana homa, na midomo inapasuka."

Nikaenda jikoni, nikakinga maji kiganjani, nikaonja.

Chumvi. Chumvi ya kutosha kupikia mboga.

Mtajiuliza kwa nini Rahabu hakuigundua. Memsahib alimkataza kabisa kuweka mdomo kwenye chakula cha mtoto, kwa hiyo Rahabu alipimia joto la maziwa mgongoni mwa mkono. Na sisi watumishi hatukunywa maji ya bomba la ndani, tulichota mtoni.

Hapo ndipo ningekuwa mtu. Ningesema tu, "Dada, usimpe tena, ni maji." Maneno matano.

Nikasema, "Labda ni meno."

Halafu nikaenda kufungua mabomba yote, moja baada ya lingine, nikamwaga tangi lote la maji ya nyumbani bustanini, nikasuuza softener upya mpaka maji yakawa matamu. Wazungu walipofika mchana, hakukuwa na ushahidi wowote.

Isipokuwa chupa moja ya maziwa aliyokuwa ameibakiza Rahabu.

Walimchukua mtoto kwa gari mpaka hospitali ya misheni, na chupa ile wakaibeba. Daktari akaionja. Namshukuru Mungu alionja, maana ndiye aliyemwokoa mtoto, akampa maji safi kidogo kidogo siku mbili. Binti akapona. Lakini daktari akawaambia wazazi kwamba maziwa yametiwa chumvi.

Waliporudi Bwana akatuita wote sebuleni. Aliyaonja maji ya bomba mbele yetu, hayana kitu. Akaitazama kadi, vema ipo. Akaenda stoo, akarudi na makopo mawili yanayofanana, la sukari na la chumvi, akayaweka mezani mbele ya Rahabu.

"Ulichota lipi?"

"La sukari, Bwana."

"Una hakika?"

Rahabu akayatazama yale makopo muda mrefu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimeshika trei.

"Nilidhani la sukari," akasema.

Basi. Kwa neno hilo moja kazi ikaisha. Bwana akamwandikia barua mbaya ambayo ilimfungia milango ya kazi kwa wazungu wote. Akafunga kanga zake, akaanza safari ya Makete kwa miguu. Aliniaga. "Baki salama, mdogo wangu. Uwaangalie."

Mimi Bwana akanipandisha, nikawa msimamizi wa nyumba. Alisema mimi ndiye mtumishi pekee ambaye kazi yake inaonekana kwenye karatasi.

Wakuu, nilikaa na hilo miaka kumi na miwili. Uhuru ukaja, Bwana akauza shamba akaondoka, mimi nikaoa. Kila nikiona mwanamke amebeba mtoto mgongoni nageuza uso.

Mwisho nikawauliza wafanyabiashara wa Kikinga sokoni Makambako. Mmoja alimfahamu, akanielekeza vijiji vya karibu na Ikonda. Nikaenda.

Nilimkuta anachimba viazi. Alinitambua kabla sijasema jina. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kwenye matuta, sikungoja hata kukaribishwa. Nilitegemea matusi. Nilitegemea hata jembe.

Akakaa chini kwenye udongo.

"Kumbe si mimi?" akasema.

Sikuelewa. Akarudia. "Kumbe si mimi?"

Wakuu, yule mama aliamini ni yeye. Miaka yote ile aliamini kwamba alichanganya makopo, kwamba mikono yake ilikaribia kuua mtoto. Binti yake aliyekuja kusikiliza ndiye aliyenieleza. Mama yake hapiki uji wa wajukuu. Hataki kushika chupa. Akiitwa amsaidie mwanamke aliyejifungua kijijini, anasema yeye si mtu wa kuaminiwa na watoto.

Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha kwa sababu ya kazi. Kumbe nilichomnyang'anya hata sikukijua.

Hakunitukana. Aliomba jambo moja tu. "Kesho kutwa ni Jumapili. Uje kanisani useme hivi hivi, watu wasikie. Hapa wote wanajua niliyoyasema juu yangu mwenyewe."

Nikamjibu nitakuja.

Jumamosi alfajiri nikaondoka kurudi kwetu.

Sina sababu ya kuwapa. Niliona nyuso za watu wote wale kichwani, nikashindwa. Baadaye nikasikia amefariki. Sijui alikaa kwenye benchi lipi Jumapili ile, sijui aliwaambia nini majirani.

Mkuu wa guest house, jibu lako ni hili. Ondoa chumvi yote kwenye pipa, chota tope, sugua kwa maji safi, vunja gamba la chumvi lililoganda. Fanya backwash, weka chumvi mpya, kisha suuza mpaka ulimi wako mwenyewe usione kitu, siyo mpaka saa ifike. Na acha bomba moja lisilopita kwenye softener, kwa ajili ya wanaonyonya chupa.

Funzo langu ni dogo. Ukikosea, sema siku ile ile, maana ukinyamaza kuna mtu ataliokota kosa lako na kulibeba akidhani ni lake.

Wajukuu wa Rahabu wapo, najua, na baadhi yenu mnaingia humu. Kama ni bibi yenu, au kama mnasali huko Ikonda, naomba uzi huu usomwe kwa sauti kanisani. Haikuwa yeye. Ilikuwa mimi.

Karibuni mseme mnachotaka. Wa kunilaumu aanze, nitasoma comment zote na sitamjibu mtu vibaya.