Majina Yaliyokuwa Nyuma ya Alama

Siku yangu ya kwanza kazini Juba, Thongpiny, Mratibu wa Kumbukumbu, alinipeleka moja kwa moja kwenye kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitenge kuikinga na vumbi. Ndani yake mlikuwa na rejesta ya watoto waliopotezana na wazazi wao vitani. Amani ilikuwa imetiwa saini, watu walikuwa wakirudi, na mashine ile ilikuwa inakufa.

"Ustaz, hii ikizimika, watoto wanapotea mara ya pili," alisema. Kwake, kila aliyetoka chuoni alikuwa ustaz. Tangu saa ile hofu haikunitoka.

Programu ya rejesta ilikubali mashine ya aina ile tu. Nikapata emuleta, yaani programu inayoiga mashine nyingine. Ilikuwa huria, msimbo wake ukiwa wazi kwa yeyote kuurekebisha, lakini iliandikiwa mfumo endeshi tofauti na ule wa kompyuta zetu mpya. Kazi yangu ikawa kuihamisha: kuandika upya kila sehemu inayozungumza na mfumo, yaani kibodi, skrini na faili. Kila jenereta ilipokohoa, nilikimbilia kuhifadhi nilichoandika.

Hatimaye, asubuhi moja, rejesta ikafunguka. Akello, karani wetu kutoka Gulu, akapiga vigelegele. "Ustaz, iko sawa kabisa! Leo mimi iko nunulia wewe soda!" Kabla sijaikagua, akamtafutia mama mmoja wa kijiji cha Rejaf jina la mwanawe. Likatokea: kambi, nambari, yu hai. Akamchapia karatasi. Mama akaketi nje kusubiri gari la kumpeleka kambini.

Ndipo nilipoona majina yamezidi yale ya kompyuta kuukuu. Katika mfumo wa zamani, faili huishia penye alama maalumu. Kilicho nyuma yake hakisomwi. Jina lililofutwa lilisukumwa nyuma ya alama hiyo, likabaki huko. Mfumo mpya haukuijua alama, nami sikuifundisha emuleta kuiheshimu. Ilisoma mpaka chini, kwa waliofutwa. Nikafungua daftari la ufutaji, lililoandikwa sababu ya kufutwa kwa kila jina. Mwana wa yule mama alifutwa kwa sababu alifariki kambini, kwa surua.

"Ni kosa la mashine," nilimwambia Mratibu.

"Nani aliihamisha?"

"Mimi."

"Basi twende. Mimi nitasema kwa Kibari. Wewe usiangalie chini."

Sikuelewa neno hata moja, ila niliona uso wa mama ukiganda. Akasema jambo, sauti yake ndogo.

"Anasema karatasi harudishi," Mratibu akanitafsiria.

Karatasi ilisema mtoto yu hai. Sikuidai. Nilirudi ndani, nikaandika mistari michache ya msimbo iliyokosekana, na majina yale yakatoweka tena.

Sasa nimestaafu. Vijana wakinionyesha programu waliyoihamisha, wakifurahi kwamba inafunguka, moyo bado hunidunda. Miezi yote ile Juba niliogopa kupoteza jina. Kwamba ningeweza kumrudisha mtu asiyekuwapo, hilo halikunijia hata mara moja, na ndilo nililopaswa kuliogopa.