Sahani Arobaini za Temeke

Wengi wenu hapa Tabora mmeniuliza kilichonipeleka pwani. Ni mwandiko. Serikali ilitafuta makarani wa kuandika hali za nyumba huko Temeke, na mwalimu wangu akausifia mwandiko wangu mpaka nikajikuta ndani ya garimoshi.

Siku ya pili asubuhi nilishuka Dar es Salaam, miguu imevimba. Mzungu mkuu wetu alinikabidhi karatasi za maswali: vitanda vingapi, viti vingapi, sahani ngapi. Nyumba yenye vichache, hasa sahani, iandikwe hafifu. Mtaa ukizidiwa na nyumba hafifu, nyumba hizo zitavunjwa na watu wake wahamishiwe mbali porini. Niliona ni sawa kabisa.

Temeke nilifikia kwa Bi Zuhura, mjane mpika vitumbua. Alinipa chumba, maji ya kuoga na wali wa nazi kabla hajaniuliza jina, Mungu amzidishie. Nikaanza na nyumba yake. Sanduku lake lilikuwa na sahani arobaini, nikaandika: bora. Nyumba nyingine kumi na moja za mtaa ule hazikuwa na sahani hata moja. Watu walizunguka sinia mkekani. Hafifu, hafifu, hafifu. Nami niliyekula chungu kimoja na ndugu sita, eti niliwaonea huruma! Nyani haoni kundule.

Ijumaa adhuhuri, karatasi zikiwa tayari kupelekwa, wanawake wa mtaa waliingia, wakafungua sanduku na kuondoka na sahani zote. Nilishtuka.

"Mama, wanakuibia!"

Bi Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. "Waniibie nini, mwanangu? Kuna hitima nyumba ya pili. Sahani hizi za mtaa, tulichanga wote. Zinakaa kwangu kwa kuwa kwangu hapavuji."

Nikamweleza nilichoandika, na yatakayofuata. Kicheko kikamkauka.

"Basi wavunjiwe wenzangu, mie nibaki na sahani arobaini? Nimpakulie nani?"

Niliona haya, nasema kweli. Alasiri ile niliandika upya karatasi zote kumi na mbili.

Jumamosi asubuhi, ofisini, Mzungu alizipekua, uso ukamwiva. "Karani, kila nyumba sahani arobaini? Hizo ni mamia!"

"Hapana, Bwana. Ni arobaini tu, ila kila nyumba inazo arobaini."

Nilijua kibarua kimeota nyasi. Lakini Jumatatu alikuja mwenyewe mtaani. Akamuuliza mama wa kwanza ana sahani ngapi. "Arobaini." Wa pili, arobaini. Wa tatu hakungoja kuulizwa. Bi Zuhura akamfungulia sanduku la sahani za wote, akamkaribisha mkekani, naye, nampa haki yake, alivua viatu akakaa, akala. Alipoinuka alilifuta swali la sahani kwa kalamu yake, na mtaa ule haukuingia kwenye orodha ya kuvunjwa.

Mwezi ulipokwisha nilipanda garimoshi kurudi, vitumbua vya njiani vimenijaa kikapuni. Nimejifunza kwamba huwezi kujua mtu amepungukiwa nini kama hujajua ana nini pamoja na wenzake. Nawashukuru watu wa Temeke, na Bi Zuhura zaidi ya wote. Asingeniuliza atampakulia nani, leo ningekuwa nimekaa nanyi hapa nikisifiwa kwa ukarani wangu, na nyumba kumi na moja zimelala chini.