Kaye ya Dawa ya Maji

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka kumi na sita na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Mama yangu alipika sabuni ya mawese nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Waswahili, Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, na mimi niliona aibu kunuka mafuta darasani. Basi nikajitungia kazi yenye heshima zaidi. Ndani ya kaye yangu, ndivyo tulivyoita daftari, niliumba nchi isiyokuwapo ng'ambo ya ziwa, na katika nchi hiyo mganga mwanamke asiyetumia hirizi wala mashetani. Alitumia mizani.

Sheria za uganga wake nilizitunga mwenyewe, lakini nilitaka zisimame. Nilichukia hadithi ambamo mganga anapuliza tu na mgonjwa anainuka. Wangu alikuwa na vyungu vitatu: cha maji, cha majivu na cha mafuta. Maji yalipaswa kuchemka kwanza. Maji ya majivu yakipikwa na mafuta yalizaa sabuni, na sabuni iliufukuza ugonjwa mikononi kabla haujafika tumboni. Mawese mekundu aliwapa wale wasioona vizuri giza likianza. Aliyeharisha alinyweshwa maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo. Na homa aliitoa kwa kitambaa kilicholowa, kisha akaiamuru iingie ndani ya jiwe. Hapo kwenye jiwe niliringa sana.

Aliyenikata maringo ni mwalimu wetu wa sayansi. Alikuwa mtu wa milimani, mwembamba, Kiswahili chake cha kutafuta. Nilimpa kaye nikingoja sifa, akanirudishia imejaa wino mwekundu. Chumvi yangu ilikuwa nyingi mno, ingemuua mtoto. Majivu ya mti gani? Na penye lile jiwe aliandika kwamba joto haliondoki kwa amri ya mtu. Maji yakikauka juu ya ngozi ndiyo yanayoondoka nalo. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikasahihisha, na hadithi ikawa nzuri kuliko mwanzo, jambo lililoniudhi zaidi.

Tangu hapo kaye ilikwenda na kurudi kati yetu. Ukurasa wa mbele niliupa jina kwa herufi kubwa: DAWA YA MAJI. Chini yake mwalimu aliandika "ni sawa" na kutia sahihi, kama alivyofanya kwenye kaye zote za shule.

Mvua zilikuwa bado zinanyesha waasi walioipinga serikali waliposhambulia. Walikuja na mapanga, na watu walisimulia kwamba walikuwa wamejipaka dawa, wakipiga kelele "maji, maji", wakiamini risasi zingegeuka maji zikiwafikia. Waliua watu mjini na kando ya barabara. Kisha wanajeshi wa serikali wakaja kuwasaka, na msako haukuishia kwa waliohusika. Neno dawa, ambalo juzi tu tulilitumia kwa kidonge cha kichwa, likawa neno la kumpoteza mtu. Jirani yetu mzee, aliyekuwa na chupa ya mafuta na mizizi ya kuchulia mgongo wake, alichukuliwa pamoja na chupa yake.

Na kaye yangu ilikuwa nyumbani kwa mwalimu. Aliichukua wiki moja kabla. Niliogopa. Ndani yake niliandika kwamba anywaye maji haya hafi, na kando ya maneno hayo, kwa mkono wa mwalimu, vilipangwa vipimo. Hadithi yote mtu angehitaji muda kuisoma. Ukurasa wa mbele ulisomeka kwa kutupa jicho.

Nilimwambia mama nikitegemea kofi. Hakunipiga, aliacha kukoroga.

"Iko na jina lake?"

"Iko na sahihi yake, mama."

Asubuhi iliyofuata alinipangia miche ya sabuni kwenye beseni, akanitwisha, akaniambia nitembee kama mtu anayefikiria bei. Nilimkuta mwalimu mezani karibu na mlango, akisahihisha kaye za watoto ambao hawakuwa wakija tena shuleni. Mkewe alikuwa ananyonyesha. Nilipomwomba yangu alisikitika, akasema hajaimaliza. Nikamweleza hofu yangu. Akatabasamu, akasema hii ni hadithi, na kila ajuaye kusoma ataona ni hadithi. Nilitaka kumfokea. Nilimwambia wanaokuja hawaji kusoma. Alimtazama mkewe, mkewe akamwashiria kwa kichwa anipe, ndipo akaitoa.

Njiani kurudi kulikuwa na kizuizi. Askari aliniuliza nina nini, nikasema sabuni, nikamtajia bei. Aliinua mche mmoja, akaunusa, akainua wa pili. Kaye ilikuwa chini ya safu ya tatu. Akachukua ile miwili, akanipungia mkono nipite. Nilitembea hadi nyumbani bila kugeuka nyuma. Tulichana kurasa moja moja tukazitia motoni chini ya pipa la sabuni, mama akichochea, mimi nikihakikisha hakuna kipande chenye wino mwekundu kilichobaki. Nilifurahi. Nilijiona nimemwokoa mtu.

Baada ya siku chache mwalimu aliitwa ofisi ya serikali, yeye na walimu wenzake, kwa mkutano. Alivaa shati safi, akaenda mwenyewe kwa baiskeli. Walipakiwa kwenye lori, na hakuna aliyerudi. Siku ile hawakupekua nyumba yake, wala hawakuuliza habari za dawa. Walikuwa na orodha, na jina lake lilikuwamo kwa sababu alikuwa wa kabila moja na waasi, na alikuwa amesoma. Mimi nilikuwa nimehangaika na karatasi.

Kiangazi kilipoingia mkewe alikuja kwetu, mtoto mgongoni. Nyumba yao ilikuwa imekombwa, vitabu na karatasi zote zimebebwa, na yeye alikuwa anarudi milimani kwa wazazi wake. Hakukubali kukaa. Alisema anapita kwa kila mwanafunzi anayemkumbuka.

"Hauna hata kakaratasi kamoja yenye aliandika yeye?" aliniuliza. "Huyu mutoto hatamujua baba yake. Nilitaka siku moja aone mwandiko wake."

Ningeweza kusema imepotea. Mama alinitazama, nadhani alitaka niseme hivyo.

"Nilichoma, mama," nikamwambia mke wa mwalimu. "Nilichoma yote."

Alisema murakoze, yaani asante kwa lugha ya kwao, kama vile nimempa kitu, akafunga vizuri kitambaa cha mtoto, akaenda nyumba ya pili kuuliza.