Dawa ya Usingizi kwa Ofisi Nzima

Kwa miaka thelathini na mmoja Ña Deotilia alitwanga dawa mlangoni pa ofisi yetu ya hati za viwanja, hapa Asunción, na hakuna aliyezijua figo za watumishi wa serikali kuliko yeye. Ukimweleza kinachokusumbua, huchagua majani mabichi, huyaponda kinuni na kuyatumbukiza kwenye jagi la maji ya barafu. Maji hayo ndiyo yanayomiminwa juu ya terere, yale majani makavu ya chai yetu ya baridi, kwenye pembe ya ng'ombe, na pembe huzunguka, mrija mmoja, midomo kumi. Kwa hiyo ugonjwa wa mmoja hutibiwa kwa watu kumi. Mwaka mmoja mzima tulikunywa dawa ya bawasiri na mpaka leo sijui ilikuwa ya nani.

"Ukitaka habari za watu nenda kwa kinyozi," alikuwa akisema Ña Deotilia. "Hapa ni majani tu."

Mkuu mpya, Don Wenceslao, alikunywa peke yake ghorofani, mlango umefungwa. Maji yake, hata hivyo, yalitoka kwenye jagi letu, maana Rumilda, katibu wake, hakuona sababu ya kubeba majagi mawili ngazini. Wiki ya tatu tangu aje, ofisi nzima ikawa inasinzia. Mimi mwenyewe nililala juu ya faili la mgogoro wa mpaka. Lilikuwa limesubiri miaka tisa, halikulalamika.

Jumatatu, saa tatu na nusu, Don Wenceslao akashuka na karatasi ya amri. Sisi tulikuwa kwenye benchi la Ña Deotilia. Alikuwa ameshamimina maji ya kwanza na kuyaacha yanywewe na majani, maana kwa desturi ni fungu la Mtakatifu Tomaso, na pembe iliyofuata akainywa yeye, kwa kuwa anayehudumia ndiye anayeonja uchungu.

"Ña Deotilia, dawa zako zinawalaza watu wangu. Ijumaa nataka hapa pawe peupe."

"Kaa kwanza, Don. Unatukingia upepo."

Akakaa. Kusimama wakati pembe inazunguka ni ufidhuli ambao hata watoza kodi hawaufanyi.

"Nani aliagiza dawa ya usingizi?"

"Simtaji."

"Mtaje, nitajua kosa si lako. Utabaki."

"Nikimtaja leo, kesho nani ataniambia panapomuuma? Chukua mlango wako, Don. Kinu changu kinatembea kwa miguu yangu."

"Mtaje tu, mama!" alidakia Fulgencio, mchora ramani. "Sema ni mimi!"

"Wewe? Wewe usingizi haujawahi kukupungukia tangu ubatizwe."

Tulicheka, isipokuwa Rumilda, aliyekuwa akivichunguza viatu vyake. Zamu ikamfikia mkuu. Akaishika pembe na kuendelea:

"Kanuni ya kumi na nne inasema wazi kwamba—"

"Don, hicho si kipaza sauti," alisema Fulgencio. "Kunywa, tunangoja."

Akanywa. Katikati akasita. Ladha ile ya majani ya mpasheni, yaletayo usingizi, alikuwa akiinywa kila siku, nyuma ya mlango uliofungwa. Akamtazama Rumilda, Rumilda akazidi kuvitazama viatu. Nadhani benchi zima lilielewa, na benchi zima likapata ghafla jambo la kutazama barabarani. Ña Deotilia alikuwa akipangusa kinu.

Don Wenceslao alivuta mpaka mrija ukakoroma, akarudisha pembe, akatoa kalamu. Kwenye ile amri alifuta mstari, akaandika mwingine.

"Usogee mita moja na nusu kutoka mlangoni."

"Upande upi?"

"Wenye kivuli."

Kesho yake alishuka mwenyewe, pembe yake mkononi, akaketi kati yangu na Fulgencio. Aliomba dawa yake ikae kwenye jagi la peke yake.

"Ya nini, Don?" aliuliza Ña Deotilia.

"Figo," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Pole sana," alisema Ña Deotilia, akachukua kiganja cha majani ya mpasheni na kuanza kutwanga.